Zoezi la kutanua uke linaniumiza: wenzangu mliozaliwa bila uke, mlifanyaje likavumilika?

Binti wa Nyanza (Mwanza)

Shikamooni mlionitangulia, na habari zenu nyote. Nina umri wa miaka 24. Nilipotimiza miaka 17 bila kupata hedhi, ilhali matiti na mwili wangu vilikuwa vimekua kama vya wasichana wenzangu, mama alinipeleka hospitali, na baada ya kupigwa picha ya ultrasaundi na kisha MRI tuliambiwa kwamba nimezaliwa bila mji wa mimba na kwamba uke wangu haukuumbika, bali mahali pake pana kibonyeo kifupi cha sentimita 1 hivi. Ovari zangu zipo na zinafanya kazi, figo ninayo moja badala ya mbili, na hali hiyo yote kwa pamoja madaktari wanaiita MRKH.

Sijaolewa wala hakuna anayenishinikiza. Mwaka huu niliamua mwenyewe kwamba niko tayari, nikarudi kliniki nikaomba njia isiyo ya upasuaji. Nilipewa mfuko wenye vifaa vinne vya plastiki ngumu vya kutanulia, cha kwanza kikiwa chembamba kama kidole na cha mwisho kikiwa kinene, pamoja na maelekezo ambayo hayakuzidi dakika tano: nisukume kwa dakika 20, mara mbili kwa siku, nirudi baada ya miezi mitatu. Sikuthubutu kuuliza zaidi, kwa sababu chumbani walikuwamo wanafunzi wawili wa udaktari, na muda wote ule nilikuwa nimeinamisha uso.

Sasa ni wiki ya sita na linanishinda. Ikifika saa tatu usiku, kabla hata sijafungua zipu ya mfuko, tumbo hukaza na mapaja huanza kutetemeka. Nikisukuma, panawaka kama kidonda kilichokamuliwa ndimu, na baada ya hapo mkojo huniuma kwa muda wa saa nzima. Mara mbili nimeona damu nyepesi ya rangi ya waridi kwenye kitambaa. Juzi niliacha baada ya dakika sita, nikajifunika khanga na kulia kimyakimya ili mdogo wangu aliyelala chumba cha pili asinisikie, maana ukuta wetu ni wa mbao.

Ninatumia mafuta ya mgando kulainishia. Naomba mnieleze kama maumivu ya namna hii ni ya kawaida, kama kuna njia ya kuyapunguza, na kama inafaa nipake dawa ya ganzi. Tena naomba kujua kama kushindwa kwangu maana yake ni kwamba sina budi kupasuliwa.

Mwanamvita (Mombasa)

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Mimi pia nilizaliwa hivyo hivyo, zoezi hilo nililifanya nikiwa na miaka 27, na leo ni mwanamke aliyeolewa ambaye hana maumivu wala hofu chumbani mwake. Nakuambia haya mapema ili usome yaliyobaki moyo wako ukiwa umetulia.

Nilipofika kwenye maneno yako kwamba mkojo hukuuma kwa saa nzima baada ya zoezi, nilijiona mimi mwenyewe katika mwezi wangu wa kwanza. Nilikuwa nikisukuma kifaa moja kwa moja mbele, tena kikiwa kimeinuka kidogo, na kumbe nilikuwa nikikandamiza mrija wa mkojo, ambao kwetu sisi uko karibu mno na kile kibonyeo. Aliyenirekebisha ni muuguzi mmoja mtu mzima. Alinipa kioo kidogo cha mkononi, akanilaza nikiwa nimeegemea mito miwili na magoti yameachana, akaniambia: tazama kwanza, usiguse. Nilikuwa sijawahi kujitazama maisha yangu yote. Tundu la mkojo likiwa pale juu, kibonyeo kikiwa chini yake, akanionyesha kwamba ncha ya kifaa inapaswa kukaa katikati ya kibonyeo na kuelekea nyuma na chini, upande wa mfupa wa mwisho wa mgongo, kama vile mtu anayetaka kukifikisha kwenye godoro. Siku hiyo hiyo ule moto ulipungua kwa kiasi ambacho sikukitarajia.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutofautisha kubanwa na kuumia. Unapaswa kuhisi shinikizo, kama kitu kinachovutwa, na pengine kero kidogo, lakini si mkato wala moto. Mimi nilidhani kwamba kadiri ninavyovumilia maumivu ndivyo uke utakavyofunguka haraka, nikawa nauma mto na kusukuma. Nilipoteza wiki nyingi kwa sababu hiyo, maana kila nilipojiumiza ilinibidi nikae siku tatu au nne nipone, kisha nianze tena mahali pale pale nikiwa na woga mkubwa zaidi.

Nikueleze na nilivyokuwa nikijiandaa, pengine utapata la kuchukua. Nilioga maji ya vuguvugu bila haraka, nikaenda haja ndogo ili kibofu kiwe kitupu, kisha nikakizamisha kifaa ndani ya jagi la maji ya moto kiasi ambacho mkono unastahimili, kwa sababu plastiki baridi peke yake inatosha kumfanya mtu ajikunje. Nilijifunika khanga miguuni nisione kama niko kwenye kitanda cha hospitali, nikawasha redio kwa sauti ya chini. Wiki mbili za kwanza baada ya kurekebishwa nilifanya dakika tano tu, baadaye nane, baadaye kumi. Hakuna aliyenikimbiza.

Mtaalamu wa Nyonga (Nairobi)

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na kazi yangu ya kila siku ni misuli ya nyonga. Ninaunga mkono yote aliyoyasema Mwanamvita kuhusu mwelekeo, na ningependa kuongeza sababu ya tumbo kukaza kabla mfuko haujafunguliwa.

Chini ya nyonga pana misuli iliyotandazwa kama machela, ndiyo inayobeba kibofu na utumbo mpana. Mtu akitarajia maumivu, misuli hiyo hujifunga yenyewe bila kuamriwa, kama jicho linavyofumba mtu anaporushiwa mchanga. Ukisukuma kifaa dhidi ya misuli iliyojifunga, utaumia, na mwili utaweka kumbukumbu hiyo, na kesho yake utajifunga mapema zaidi. Kwa hiyo dada yetu wa Mwanza hakushindwa. Mwili wake umejifunza kujilinda, na sasa unahitaji kufundishwa upya kwamba hapana hatari.

Ninapendekeza upumzike kwa siku tano au sita bila kugusa kifaa chochote, na katika siku hizo ufanye pumzi peke yake. Lala chali, weka mkono juu ya kitovu, vuta hewa kwa pua mpaka mkono uinuke, kisha itoe kwa mdomo polepole kama mtu anayepoza uji. Unapovuta hewa, iache sehemu ya chini ilegee na kushuka. Baadhi ya wanawake husaidika wakijikamua kidogo sana, kama wanaotaka kwenda haja kubwa, kwa maana kitendo hicho hufungua misuli ile ile ambayo woga huifunga. Ukishazoea, weka ncha ya kidole chako kwenye kibonyeo na uhisi jinsi panavyolegea na kukaza. Kifaa kifuate baadaye, tena kile chembamba kabisa.

Zoezi lenyewe si la kuingiza na kutoa. Ni shinikizo moja, la upole, lisilobadilika, na ngozi ndiyo inayonyooka yenyewe kwa muda. Kila unapotoa pumzi, kiache kifaa kizame kadiri kinavyokubaliwa, halafu ukishike hapo hapo. Ukijiuliza maumivu ni mangapi kati ya 10, yasivuke 3. Yakivuka, punguza nguvu lakini usikitoe, pumua mara tano, ndipo uamue kama utaendelea. Mwongozo ambao chama cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani kilitoa mwaka 2018 unataja dakika 10 hadi 30, mara moja hadi tatu kwa siku, na kwa hiyo dakika 10 mara moja kwa siku zimo ndani ya kipimo hicho na hazimfanyi mtu kuwa mvivu. Mwongozo huo huo unaliweka zoezi hili kuwa njia ya kwanza kabla ya kisu, na unasema kwamba wanawake kati ya asilimia 90 na 96 hufanikiwa. Nimetaja takwimu hizo kwa makusudi, kwa sababu umeuliza kama upasuaji haukwepeki.

Kuhusu mkono kuchoka, ambalo ni jambo dogo linalowafanya wengi wakate tamaa: njia hii ilipoelezwa mwaka 1938 na daktari Robert Frank wa Marekani, mwanamke alipaswa kukishikilia kifaa kwa mkono muda wote. Mwaka 1981 daktari mwingine wa huko huko, Ingram, alibuni kigoda chenye kiti cha baiskeli ili uzito wa mwili wenyewe ndio ufanye kazi. Mimi siwaanzishii wagonjwa wangu hapo, kwa kuwa uzito wa mwili haupungui mtu anapoumia, ila kwa aliyekwisha kupata kina cha sentimita chache, kuvaa chupi inayobana yenye pedi nene iliyokishika kifaa, kisha kukaa kwenye kiti kigumu akiinama mbele kidogo, humpa mkono nafasi ya kupumzika.

Mafuta ya mgando ningeyaacha. Yananata, hayasafishiki kwa urahisi, na yanaharibu kondomu za mpira siku utakapozihitaji. Tafuta duka la dawa jeli ya kulainisha yenye asili ya maji, isiyo na manukato wala ya kuongeza joto, uipake kwenye ncha ya kifaa na kwenye kibonyeo chenyewe, na uongeze katikati ya zoezi ikikauka. Mara nyingi kuwaka kwa ngozi hutokana na ukavu, si na shinikizo.

Na dawa ya ganzi: usijipake mwenyewe. Wapo wagonjwa ambao daktari huwaandikia jeli ya ganzi kwa kiasi kidogo na kwa siku chache, lakini maumivu ndiyo mlinzi wako wa pekee pale ambapo macho hayafiki, na ukimlaza mlinzi unaweza kuchanika bila kujua.

Mkunga wa Pwani (Dar es Salaam)

Nawaheshimu wote walioandika, na mimi nitasema ya upande wangu. Binti yangu, kesho usikose kwenda kupima mkojo. Maumivu ya mkojo yanayodumu kwa saa nzima yanaweza kuwa ni ya kukandamizwa kwa mrija kama ulivyoambiwa, lakini yanaweza pia kuwa maambukizi, na mtu mwenye figo moja hapaswi kuyaachia maambukizi ya mkojo yapande. Mweleze daktari wazi kwamba figo yako ni moja, usingoje akuulize.

Matone machache ya rangi ya waridi hutokea na hayatishi. Damu nyekundu inayoendelea kutoka, homa, uchafu wenye harufu, au maumivu ambayo hayajaisha hata kesho yake, hizo ni sababu za kuacha kabisa na kwenda hospitali. Kifaa kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali kabla na baada, ukisuuze vizuri, ukikaushe kwa kitambaa safi, na ukikague kwa kidole kama kina mkwaruzo, kwa sababu plastiki iliyokwaruzika hukata kama wembe.

Maelekezo ya dakika tano na miadi ya miezi mitatu si haki yako, na nasema hivyo nikiwa mtumishi wa afya. Mwanamke anayeanza zoezi hili anapaswa kufundishwa akiwa na kifaa mkononi, mbele ya mtu mmoja anayemwamini, na kuonwa tena ndani ya wiki moja au mbili. Rudi ukaombe muuguzi wa kike, na uombe wanafunzi watoke. Ni ruhusa yako kuomba.

Nawaomba pia wasomaji wengine ambao hawajapata hedhi wasije wakachukua ushauri huu wakaanza kujitanua bila vipimo. MRKH humpata mtoto wa kike mmoja kati ya 4,500 hadi 5,000 wanaozaliwa, na kuna hali nyingine zinazofanana nayo kwa nje tu. Yuko msichana ambaye mji wake wa mimba upo na damu ya hedhi inatengenezwa, ila njia imezibwa na utando. Huyo huumwa tumbo kila mwezi, damu inakusanyika ndani, na kumsukumia kifaa ni kumtia hatarini wakati tiba yake ni nyingine kabisa. Na msitumie mishumaa wala karoti wala chochote cha jikoni. Nimeshawahi kushona majeraha ya namna hiyo.

Kuhusu upasuaji, upo, na kwa baadhi ya wanawake ndio unaofaa. Lakini wengi wanauchagua wakidhani watakwepa vifaa, kumbe baada ya upasuaji wa aina nyingi mwanamke hupewa vifaa vile vile avitumie ili njia iliyotengenezwa isijifunge, na safari hiyo akiwa na kidonda.

Mama wa Binti Mmoja (Unguja)

Samahani kwa kuingilia. Binti yangu ana miaka 15 na tumeambiwa mwezi uliopita kwamba ana hali hii hii. Je, nimwanzishie zoezi mapema ili atakapoolewa awe tayari?

Mkunga wa Pwani (Dar es Salaam)

Hapana, dada yangu. Hakuna kinachoharibika kwa kungoja, kwa kuwa mwili wake utaitikia vilevile akiwa na miaka 18 au 30. Zoezi hili huanza pale mwenyewe anapolitaka na kulielewa, si pale mama anapoona muda umefika, na aliyelianza kwa kulazimishwa huishia kuuchukia mwili wake. Kwa sasa mpeleke akapimwe figo kama bado hajapimwa, na muwe na mazungumzo mengi.

Mwanamvita (Mombasa)

Namwongezea mama wa Unguja: mimi mama yangu alilia mbele yangu kwa miezi, nami nikaamini kwamba nimekufa nikiwa hai. Mwambie binti yako kwamba ovari zake zina mayai yake mwenyewe, na kwamba mwaka 2014 nchini Sweden mwanamke mwenye hali hii hii alijifungua mtoto baada ya kupandikizwa mji wa mimba. Sisemi kwamba jambo hilo linapatikana hapa kwetu, ila ni vizuri asikie kwamba mlango haujafungwa.

Binti wa Nyanza (Mwanza)

Nimerudi baada ya wiki nne, na shukrani zangu hazina kipimo. Mkojo ulikutwa na maambukizi, nikapewa dawa kwa siku saba, na nilikaa siku zote hizo bila zoezi, nikifanya pumzi tu kama mtaalamu wa Nairobi alivyoagiza. Siku mbili za kwanza nililala nikiwa katikati ya pumzi.

Nilirudi kliniki nikaomba muuguzi wa kike, na kweli nilimpata. Alinishika mkono wenye kifaa, akakishusha kidogo tu, pengine kwa upana wa kidole, akasema, "Huku." Pale pale nikahisi tofauti: panavutika, hapachomi. Nilikuwa nimesukuma kwenda juu kwa wiki sita.

Sasa ninafanya dakika 12 mara moja kwa siku, alfajiri, kwa sababu niligundua kwamba usiku ninakuwa nimechoka na mwili umekwisha kubeba mambo ya mchana. Nimechora alama kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye mpini wa kifaa, na kutoka sentimita 1 nimefika karibu 2 na nusu. Kuna siku mbili panakataa kabisa. Siku hizo nakiweka tu mahali pake bila kusukuma, napumua, nakitoa. Nimebaki na maswali mawili: nitajuaje kwamba wakati wa kuhamia kifaa cha pili umefika, na je, nikishafika mwisho nitalazimika kuendelea maisha yote?

Mtaalamu wa Nyonga (Nairobi)

Hongera sana, na siku zile za kukiweka bila kusukuma zihesabu kuwa ni siku za zoezi. Hamia kifaa kinachofuata pale cha sasa kinapokaa hadi mwisho wa kina chako kwa siku kadhaa mfululizo bila kukubana. Usivuke kwa siku moja: anza na kile ulichokizoea kwa dakika tano, ndipo ubadilishe, na ukiona kipya kinawaka rudi kwa cha zamani bila kujilaumu. Wengi huhitaji miezi kadhaa kufika, na anayepumzika katikati hufika pia.

Kuhusu mwisho wa safari, madaktari wengi hulenga kina cha sentimita 7 hivi, lakini kipimo cha kweli ni kama wewe mwenyewe unaridhika na huumii. Ukiwa na mwenzi na mnakutana mara kwa mara, tendo lenyewe hutosha kuitunza njia. Usipokuwa naye, tumia kifaa mara moja au chache kwa wiki, kwa sababu ngozi isiyotumika hujirudi. Kondomu bado ni lazima pale penye shaka, maana kukosa mji wa mimba humkinga mtu na mimba tu, hakumkingi na virusi vya UKIMWI wala magonjwa mengine ya zinaa.

Mwanamvita (Mombasa)

Mdogo wangu, na siku ya kuhamia kifaa cha pili ukumbuke kukipasha joto kwa muda mrefu kuliko cha kwanza, kwa kuwa ni kinene na hukaa na baridi kwa muda mrefu. Mimi nilisahau, nikaruka kitandani. Jagi liwe karibu, na maji uyabadilishe mara mbili.